Punda Aliyelazwa

Mwezi uliopita nilikwenda kumzika Kioko, ambaye zamani alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Nilifika shambani kwake, kule juu Shimba Hills, saa nne asubuhi, nikapewa kiti cha plastiki safu ya tatu chini ya turubai, nyuma ya akina mama wa kanisa lake. Shemeji yake alisimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma kwamba Kioko alizaliwa Ukambani, akaja Kwale na wazazi wake walipopata shamba, akafanya kazi miaka kadhaa Ukunda katika chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na kwamba katika kazi hiyo aliwalaza wanyama wengi sana. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Alikuwa na roho nzuri. Hata mnyama alikuwa anampeleka hospitali." Niliinuka, nikaenda nyuma ya vibanda walikokuwa wakipika wali, nikasimama huko mpaka mate yalipoacha kunijaa mdomoni. Neno lile, kulaza, shemeji mtu alilitoa kwenye karatasi za kazi ambazo marehemu alikuwa amezihifadhi. Aliyeliandika kwenye karatasi hizo ni mimi, mwaka wa tisini na nane.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiachia kidato cha pili, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa utaratibu niliojiwekea: maneno kumi kila siku, nusu ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza, katika daftari nililolipiga mistari kwa rula. Chama kiliniajiri karani na mkalimani. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kabla yetu kilikuwa ghala la saruji. Saruji iliyomwagika na kupata maji ya mvua ilikuwa imegandia sakafuni, ikafanya vijilima ambavyo havikuweza kufagilika, na katikati ya vijilima hivyo mkojo wa paka ulituama. Upande mmoja kulikuwa na meza yangu na kabati la fomu. Upande wa pili kulikuwa na vizimba sita vya paka na mbwa, beseni la kuoshea vidonda, na chupa ya dawa ya zambarau iliyotia doa kila kitu ilichogusa, pamoja na mkate. Harufu ya usaha ina utamu ndani yake, na utamu huo ndio usiovumilika. Ulinifuata mpaka kwenye chumba nilichopanga, ambako ukuta haukufika darini, na jioni niliwasikia wapangaji wenzangu wakipepeta mchele uani. "Karudi daktari wa paka," mmoja alisema. Mwenzake akajibu, "Mwanasiti? Ajitie udi basi, maana hata panya wamehama." Walicheka, kisha wakaendelea kuulizana bei ya nazi.

Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeng'oa barabara na mabomba ya maji, na hoteli za Diani zilikuwa nusu tupu tangu vurugu za kisiasa za Likoni mwaka huohuo. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyotuletea kazi. Hoteli zilipokuwa na wageni, paka walilishwa chini ya meza na kupigwa picha. Wageni walipokoma kuja, meneja mmoja alituita tukawachukue, nasi tukawakuta wametiwa ndani ya magunia ya sukari, midomo ya magunia imefungwa kwa waya, yamewekwa juani kando ya mapipa ya taka tangu alfajiri. Tulipoyafungua, wa chini walikuwa wameshakufa kwa kulaliwa na wa juu. Meneja alitutolea soda baridi. Alisema, "Poleni na kazi," akataka kujua kama tutamrudishia magunia yake. Kwa upande wa vijijini kazi ilikuwa punda, kwa kuwa maji sasa yalibebwa mgongoni mwao kutoka visima vya mbali, na mtu aliyezoea kubeba mitungi miwili alianza kubeba minne. Niliona migongo iliyochunika mpaka ikaonekana mfupa mweupe ukiteleza chini ya kamba. Niliona mtu akimpiga punda wake juu ya kidonda hasa, kwa sababu mahali pengine, alinieleza kwa upole, hasikii.

Chakula cha mchana tulikula palepale ofisini. Mwenyekiti wetu, mama wa Kizungu aliyeishi Diani miaka mingi, alitupitishia ndoo ya mabaki ya nyama kutoka hotelini kwa ajili ya mbwa. Sisi tulinunua maharagwe na chapati ng'ambo ya barabara. Kioko aliinama juu ya ndoo ile kabla ya mbwa, akachagua kwa kidole vipande visivyong'atwa, akavisuuza bombani na kuvitia kwenye maharagwe yake. "Siti, hii ni steki," aliniambia. "Mbwa hajui tofauti, lakini mimi najua." Alinikaribisha kila siku, na kila siku nilikataa, naye hakuona kibaya chochote. Hakuwa mtu mkatili. Ningekuwa na raha zaidi ya kuandika habari hizi kama angekuwa mkatili. Aliweza kutoa funza kwenye jicho la mbwa kwa kibanio, mmoja mmoja, saa nzima, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Fomu zetu zote zilikuwa za Kiingereza, na wenye wanyama walizitia alama ya kidole bila kujua zilichosema. Mwenyekiti aliniomba nizitafsiri. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa jioni nne nilizifanyia kazi, na kwenye fomu ya ruhusa niliandika hivi: Mimi, mwenye mnyama, nakubali mnyama wangu auawe kwa sindano. Mwenyekiti aliweka kidole chake juu ya neno moja. "Auawe ni nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha polepole. Nilimweleza. "Hapana, Mwanasiti. Sisi hatuui. Watu wataogopa, wataficha wanyama. Kwa Kiingereza tunasema kulala." Kioko, aliyekuwa akiosha beseni, akasema, "Basi andika alale." Nikawaambia alale haitoshi, kwa kuwa mnyama halali mwenyewe bali kuna mtu anayemfanya alale, na kitenzi hakina budi kulionyesha hilo. Nilikuwa na fahari ya kujua jambo kama lile. Nikafuta, nikaandika alazwe. Mwenyekiti akalisoma kwa sauti mara mbili, akalipenda. Akaniambia na sindano pia niiondoe, maana hata watu wazima wanaogopa sindano, nami nikaiondoa. Sasa, kila mtu wa pwani, mimi nikiwa mmoja wao, akisikia kwamba fulani amelazwa huuliza wodi gani. Nililifikiria hilo kalamu ikiwa mkononi. Sidai kwamba lilinijia baadaye. Niliona kwamba nikilisema nitaombwa neno lingine lililo laini vilevile, na sikuwa nalo, na sikutaka waone kwamba sinalo. Karatasi zikapelekwa kupigwa chapa.

Kwa miezi kadhaa neno lile halikuleta matata, kwa sababu wengi waliotia kidole walikuwa watu wa hoteli na mbwa hawakuwa mali yao. Kisha tukaletewa habari za punda wa Munje. Mwenye punda alikuwa Bi Mejumaa, mjane wa makamo, aliyekuwa akiuza maji nyumba kwa nyumba na kwenye madarasa yaliyokuwa yakijengwa. Tulimkuta punda jike amesimama uani kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa waya wa ua badala ya kamba, waya umekata ngozi juu ya kwato, nyama imevimba na kuufunika, hata sehemu nyingine haukuonekana tena. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba kidonda kilionekana kama kinapumua. Mgongoni kulikuwa bado na unyevu wa maji ya mitungi ya asubuhi ile. Alikuwa amembebesha siku hiyohiyo. Nilimchukia Bi Mejumaa kabla hajafungua mdomo, na nilipomwamkia shikamoo niliitoa kwa meno yaliyobanana.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni kitako." Alitutandikia mkeka, akatuletea uji wa mchele wenye nazi katika vikombe viwili vya bati, vya moto. Sikuunywa. Nilimwuliza kwa nini alitumia waya. Alisema kamba ilikuwa imeibwa mara mbili, na waya hauibiwi. "Najua nimemtenda vibaya mwenzangu," alisema, na mwenzangu ndivyo alivyomwita punda wake muda wote. "Nimempaka mafuta ya nazi na chumvi, nimempaka majivu. Hakubali. Mimi si daktari."

Kioko alichuchumaa, akautazama mguu kwa muda usiozidi dakika mbili, akautomasa mara moja. Punda hakupiga teke. Alitetemeka ngozi tu, mwili mzima. Kioko akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mama, hii punda yako imeharibika mbaya. Tunataka kuilaza."

Uso wa Bi Mejumaa ulifunguka. "Mumlaze? Kumbe na punda hulazwa?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi yetu."

"Kwa siku ngapi?"

Kioko alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyesikia mzaha wa huzuni. "Ah, mama. Hii ni moja kwa moja."

Yeye alikusudia daima. Bi Mejumaa alisikia sasa hivi, bila kupitia mahali pengine. Nilisikia vyote viwili kwa wakati mmoja, na nilikuwa mtu pekee pale uani aliyesikia hivyo. "Alhamdulillahi," Bi Mejumaa alisema. "Basi mchukueni mapema, kabla jua halijawa kali. Na chakula chake?"

"Hatahitaji kitu, mama."

"Hata chakula mwatoa wenyewe?" Akamgeukia jirani yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Waona? Sisi twaambiwa twende na sahani zetu hospitalini. Watu hawa wana imani."

Nilikuwa na fomu na kidau cha wino. Kazi yangu, ile niliyoajiriwa kuifanya, ilikuwa kusema sentensi moja. Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia, na nimejaribu kujibu bila kujipendelea. Nilihofia kwamba akijua atakataa, na punda aendelee kubeba maji kwa miguu mitatu. Hiyo ni sababu moja, nayo ni ya kweli. Nilikuwa nimemchukia, nikaona hastahili kuulizwa. Hiyo ni ya pili. Na ya tatu ni kwamba kumweleza kungekuwa ni kukiri mbele ya Kioko kwamba neno langu ni bovu. Nilikishika kidole gumba chake, kigumu na chenye nyufa, nikakichovya, nikakikandamiza kwenye karatasi. Alikitazama alichoandika kwa furaha. Punda alipandishwa kwenye pikapu kwa ubao, na Bi Mejumaa akampapasa masikio akamwambia, "Ukapone, mwenzangu. Usiwapige mateke madaktari."

Tulimuua saa sita na nusu, kwenye minazi nyuma ya ofisi, mimi nikiwa nimeshika kamba. Kioko alifanya kazi yake vizuri. Punda aliinamisha kichwa, magoti yakalegea, akaenda chini kwa upande wenye kidonda, na uzito wake ukakikamua. Kilichotoka kilinirukia kwenye sketi na ndala. Kioko alisema, "Amepumzika maskini," akanawa, tukaenda kula. Alikuwa na hamu ya chakula siku hiyo. Nimesoma mengi juu ya vidonda vya aina ile tangu wakati huo, vitabu vya waganga wa mifugo nilivyovinunua mitumba na kuvisoma mwanzo hadi mwisho. Wapo punda wanaopona kwa miezi mitatu ya kusafishwa kila siku, na wapo wasiopona. Wa Munje alikuwa wa kundi gani sijui, kwa kuwa alitazamwa dakika mbili.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nilimwona Bi Mejumaa dirishani. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha duka, amevaa leso mpya, na kando yake kulikuwa na mtumba mkubwa wa majani mabichi yaliyofungwa kwa ukindu, na juu yake mfuko wa pumba. Hakubisha hodi. Nilidhani anapumzika, kisha nikadhani amenijua na ananingoja nitoke. Nilikaa pale mezani nikijifanya kupanga fomu. Saa saba kamili aliuliza saa kwa mwenye duka, akasimama, akajitwika mzigo wake, akaja mlangoni. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa amengoja saa ya kuwatazama wagonjwa.

"Hodi, mwanangu. Nimekuja kumtazama mgonjwa wangu. Hajambo?"

Kioko alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini. "Mama, si ulitia kidole kwa fomu?"

"Nimetia. Binti huyu alinishika mkono." Alinitazama kwa upendo kabisa. "Nisomee, mwanangu, kama kuna kitu nimekosea. Labda leo si siku yake."

Nilitoa fomu kabatini, nikamsomea. Mimi, mwenye mnyama, nakubali mnyama wangu alazwe. "Ndivyo," alisema. "Sasa kalazwa wapi?" Aliangalia vizimba, paka, mbwa mwenye jicho moja, akatafuta kwa macho mlango mwingine. Mlango mwingine haukuwapo. Niliogopa macho yale kuliko nilivyoogopa kitu chochote mwaka ule, nikasema, "Amekufa, Bi Mejumaa."

Hakulia. Aliteremsha mzigo sakafuni, kwenye unyevu ule, akakaa juu yake. "Lini?"

"Siku ileile."

"Mlijaribu?"

Kioko aliinamia sahani. Mimi nikasema, "Tulijaribu." Neno hilo sikulazimishwa na mtu, wala halikuwamo kwenye fomu yoyote.

"Basi," alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga waya. Nyinyi mmefanya yenu. Mungu awalipe." Alisimama, akajikung'uta leso. Majani hakuyachukua. "Haya wapeni wagonjwa wengine. Nimeyakata bondeni, ni laini." Akanipa mkono, mkono ambao kidole gumba chake bado kilikuwa na alama ya wino pembezoni mwa ukucha, akaondoka. Ofisini hatukuwa na mnyama hata mmoja anayekula majani. Kioko aliyatazama siku nzima, kisha jioni akayatandika ndani ya vizimba, chini ya paka na mbwa, na asubuhi yalikuwa yamelowa na kunuka, nikayazoa kwa koleo.

Nilimwomba mwenyekiti tubadilishe neno. Alinisikiliza, akasema limezoeleka na karatasi bado ni nyingi. Nikaacha kazi mwisho wa mwezi. Sijioni shujaa kwa hilo. Nilikuwa nimeshindwa kula, na kanga zangu zote zilikuwa zikinuka. Lakini kabla sijarudi nyumbani nilikwenda Munje, peke yangu, asubuhi. Nilimkuta Bi Mejumaa akirudi kisimani na ndoo kichwani. Alifurahi kuniona. Alinitandikia mkeka uleule, akanimiminia uji katika kikombe cha bati, na safari hii nikaunywa, nusu, ili nipate nguvu ya kusema.

Nilimwambia kwamba punda wake hakufa. Nilimwambia tulimuua kwa sindano, mchana ule ule, na kwamba hatukujaribu kumtibu hata kwa maji ya chumvi. Nikamwambia kulaza maana yake ilikuwa hiyo, kwamba neno nililichagua mimi, na kwamba alipouliza siku ngapi nilijua anauliza nini. Nilisema yote kwa mpangilio, kama nilivyoyapanga njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia mapajani.

"Yale majani," alisema. "Yaliliwa na nani?"

Ningeweza kusema mbuzi. "Hayakuliwa. Tuliwatandikia mbwa."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa ukingo wa mkeka. "Nilikaa pale tangu saa nne," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayehakikisha jambo. "Wewe uliniona."

"Nilikuona."

Alinyoosha mkono, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwangu. Uji uliobaki aliumwaga mbali, nje ya ua, si kwenye ndoo ya makombo ya kuku. Kisha akachuchumaa kando ya ndoo ya maji, maji aliyoyabeba mwenyewe kichwani, akachota mchanga kiganjani, akaanza kukisugua kikombe ndani na nje, kama kioshwavyo chombo kilichorambwa na mbwa. Akakisuuza. Akakisuuza tena. Hakuwa na haraka wala hasira, na hakunitazama. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo tabia yangu, na nilitumaini atakoma mara ya tatu, au ya nne, kabla hajafikia hesabu ambayo dini yetu imeiwekea najisi ya mbwa. Alifika saba.